Pingamizi la Fundi Rubeni

Cheni ya pikipiki ya zahanati ilikatika kwenye mteremko wa Mlola, ikajisokota kwenye gurudumu la nyuma, na Tobia, dereva wake, akatupwa korongoni pamoja na sanduku la chanjo. Mguu ulivunjika mara mbili. Aliyeifunga cheni ile ni fundi Rubeni, mchumba wa dada yake. Na Rubeni aliiambia kamati ya kijiji kwamba Tobia alikuwa akiendesha kama mwendawazimu.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, Yudith, dada huyo wa Tobia, aliingia karakana ya kijiji. Alikuwa mhudumu wa zahanati, na safari nyingi alikaa nyuma ya kaka yake akishika sanduku.

"Habari za kazi, fundi."

Siku zote alimwita kwa jina. Rubeni akaweka spana chini.

"Nzuri. Tobia anaendeleaje?"

"Analia. Na si mguu unaomliza. Jumatatu kamati inamfukuza kazi kwa maneno yako. Ile springi iko wapi?"

"Springi gani?"

"Usinichezee, mgosi, mwanamume mzima."

Pikipiki yenyewe ilikuwa nyepesi, imeinuka juu, ya kupandia majabali. Mzungu mmoja wa misheni alishindana nayo mbio huko kwao, akaiachia zahanati alipoondoka. Chini ya cheni ilikuwa na kijimkono cha springi chenye kigurudumu: cheni ikilegea kinaivuta, ikikaza kinaiachia. Springi ilipochoka, Rubeni alikuwa na njia mbili. Kutengeneza nyingine, kazi ya siku mbili, au kukitoa chote na kuikaza cheni kwa nati za ekseli peke yake. Alikitoa. Na sasa cheni mpya alikuwa ameifunga vilevile.

"Kilikuwa kinapiga kelele," alisema. "Cheni iliyokazwa kwa nati haina mchezo."

"Panda, ukae."

Rubeni akapanda. Yudith akapanda nyuma yake. Pikipiki ikadidimia.

"Iguse cheni."

Akainama, akabonyeza kwa kidole. Ngumu kama nondo. Wakashuka wote wawili, akabonyeza tena. Ikacheza kidogo, kama alivyoiacha. Miaka yote alikuwa akiipima pikipiki ikiwa tupu.

"Mwezi wa nne nilikuambia tukikaa wawili inalia," alisema Yudith. "Ulinijibu nini?"

"Nilisema wanawake wanajua kukaza kanga, si cheni."

"Karakana nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi, kwa kuwa nakupenda. Nenda kwa baba ukaseme."

"Yudith, matangazo ya ndoa yamesomwa mara mbili. Kesho ni ya tatu. Mzee akijua leo atanifukuza."

"Na Tobia akifukuzwa?"

"Tuoane kwanza. Nitasema baadaye, taratibu."

"Siolewi na mtu aliyemkanyaga ndugu yangu ili afike madhabahuni. Kwaheri, fundi."

Kesho yake kanisa lilijaa. Mchungaji akasoma majina yao, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Upande wa wanawake, Yudith alikuwa anaangalia sakafu. Rubeni akajikaza kisabuni, akasimama.

"Ninalo, mchungaji."

"Rubeni, wewe ndiye bwana harusi."

Mtu akacheka nyuma.

"Bwana harusi ni mwongo. Tobia hakukimbiza. Cheni niliikaza mimi vibaya, nikaonywa na Yudith, nikamdhihaki. Kisha nikamsingizia mgonjwa."

Mzee Sefania, baba wa Yudith na Tobia, akainuka polepole.

"Wiki tatu mwanangu anaitwa mwendawazimu, na wewe unakula ugali kwangu?"

"Ndiyo, baba."

"Usiniite baba."

Mchungaji akafunga kitabu.

Nje, Yudith alimkuta Rubeni ameegemea ukuta.

"Umechelewa," alisema.

"Najua."

"Umeniaibisha mbele ya watu wote."

"Najua, Yudith."

"Lakini umesema." Akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Usije nyumbani. Katengeneze springi. Tobia akitembea, ndipo umtafute mchungaji."

Rubeni aliitengeneza kwa springi ya kitanda kibovu na kigurudumu cha mti mgumu. Aliipima cheni watu wawili wakiwa juu, sanduku likiwa katikati. Kisha akaenda kumwomba Tobia radhi.

"Shemeji," Tobia alimwambia kitandani kwake zahanatini, "mfupa unaunga. Jina ndilo lililoniuma."

Ndoa ilifungwa baada ya miezi kumi na mmoja, kwa matangazo yaliyoanza upya. Mzee Sefania hakuja. Kamati ilimrudishia Tobia kazi na kumnyang'anya Rubeni ufunguo wa karakana. Mguu wa Tobia uliunga, mfupi kwa upana wa vidole viwili. Chupa zote za chanjo ya surua zilivunjika korongoni, na nyingine zilifika baada ya wiki tisa. Watoto thelathini na wanne walizisubiri. Wa thelathini na tano, binti wa jirani yao Salma, aliugua surua, akazikwa wiki ya sita.