Kiraka cha Jemadari

Uliona, ukapita. Picha ya yule mwanamke mwenye gauni la kijani iliingia kwenye simu yako kama ilivyoingia kwenye simu za wenzako. Ukasoma yaliyoandikwa chini yake, ukacheka kidogo puani, labda ukaongeza neno lako, kisha ukaifunika simu ukaenda kunywa chai. Hukuuliza ni nani. Basi leo kaa chini usikie, maana ulichokipita kilikuwa na mwenyewe.

Kilianzia kwenye feni.

Ilikuwa Jumamosi, kwenye duka la vipuri vya kompyuta, watu wamebanana kwenye kaunta, kila mmoja anamwita muuzaji kwa sauti yake. Fundi friji mmoja, kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu iliyofifia magotini, alipitisha mkono juu ya mabega ya watu akashika boksi la feni, la mwisho kwenye rafu. Upande wa pili wa boksi ulikuwepo mkono mwingine, una bangili nyembamba za shaba na doa la wino kidoleni.

"Dada, hii nimeiona mimi kwanza."

"Umeiona, mimi nimeishika. Macho hayanunui."

"Feni yenyewe ni ya mashine ya michezo. Hii si ya kuchapia barua."

Yule dada akamgeukia. Alivaa blauzi ya rangi ya haradali na kilemba cheusi kilichofungwa kwa haraka, na alimtazama kama mtu aliyesikia wimbo anaoujua ukipigwa nyumba ya jirani.

"Sema tena."

"Niseme nini?"

"Chochote. Una sauti ya mtu anayependa kugombana."

Fundi alicheka, mkono ukalegea, na alipokuja kushtuka boksi lilikuwa limeshafika kwapani kwa dada.

"Haya, nakuachia feni. Niachie namba."

"Namba yangu haina mapanga, haiwezi kupoza mashine yako."

"Itanipoza mimi."

Akampa. Mwaka wa pili ulipoingia walikuwa bado wanapigiana simu kila jioni kama watu waliojuana jana.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Sauti yako."

"Hiyo haishibishi, mpenzi."

"Ndiyo maana naomba niongezewe."

Sasa umjue huyu fundi. Mchana alikuwa mtu wa gesi na mabomba, anaingia majikoni kwa watu na kwenye mabucha, anafufua friji zilizokata roho. Jioni, nyuma ya pazia la saluni ya dada yake mkubwa, aliitwa Jemadari. Palikuwa na mchezo wa kompyuta unaoitwa Ngome Saba, wa kujenga miji, kupanga majeshi na kuteka nchi za wenzako, na hakuna aliyeujua kama yeye. Hakufundishwa na mtu. Aliufumua mwenyewe akaona unavyoshonwa. Alirekodi sauti yake nyuma ya picha ya kofia ya chuma, na umati ulimfuata kwa sababu hakusahau kitu. Kampuni ikiahidi daraja mwaka huu na lisiletwe, Jemadari angelidai mwaka kesho na mwaka wa tatu. Watu walimpenda kwa hilo. Na yeye alijipenda kwa hilo, tuseme ukweli.

Zamani, mashine za wachezaji wengi zilipokuwa dhaifu, aliwatengenezea kiraka, yaani kipande kidogo cha programu unachokibandika juu ya mchezo. Ukiuteka mji, raia wake walikuwa na tabia ya kulalamika kwenye vijisanduku vya maneno, na vijisanduku hivyo vilikwamisha mashine. Kiraka kiliwanyamazisha. Mchezo ukakimbia. Aliwagawia bure, kila mtu akakibandika, na miaka ilivyopita wakakisahau kama mtu anavyosahau kava la simu yake.

Mpenzi wake alimwambia kwamba anafanya kazi ya kuandika ofisini. Fundi akamwona kichwani mwake anachapa mihtasari ya vikao, akaishia hapo. Mtu aliyejua idadi ya mishale kwenye kila mnara wa Ngome Saba hakuwahi kuuliza mpenzi wake anaandika nini.

Yule dada aliuliza. Jumapili moja alikuwa amekaa saluni, kichwa kiko mikononi mwa dada wa fundi, msusi aliyekwisha kumwita wifi, na fundi akiwa mlangoni anamenya chungwa akaanza kusimulia habari za marehemu mama yao. Siku watu wa mwenye nyumba walipokuja kuwatupia vyombo nje, mama alitoa kigoda akakiweka katikati ya mlango, akakalia, ungo wa mchele mapajani, akawa anachagua mawe.

"Akawaambia, 'Piteni, kama mnaweza kuruka mama yenu.'"

"Wakapita?" aliuliza mpenzi wake.

"Siku ile hawakupita. Walirudi kesho yake na askari."

"Na kigoda kilikuwaje?"

"Miguu mitatu, mmoja mfupi. Alikuwa anayumba nacho, ko, ko, ko. Mpaka leo nikisikia mlango unagonga nadhani ni yeye."

Msusi alisema, "Mwache wifi yangu, unamliza wakati namsuka." Na kweli shavu lilikuwa limelowa.

Miezi ikapita, kampuni ikatoa nyongeza ya Ngome Saba, sura mpya ya mchezo iliyosubiriwa kama mvua. Waliinadi kwamba safari hii mji ukitekwa, walioshindwa watasema. Fundi aliifungua alasiri moja, bado ana grisi kwenye kucha. Akateka mji wa kwanza. Kimya. Akateka wa pili. Raia walisimama uwanjani kama chupa tupu. Vita vya majini navyo vilikwenda kama kobe aliyefiwa. Akawasha kinasa sauti.

"Wametuahidi sauti, wametuletea mabubu," alisema, na ghadhabu yake ilikuwa tamu, aliisikia mwenyewe ikimteleza ulimini. "Huyu aliyeandika watu hawa hajawahi kumpenda mtu wala kumzika mtu. Atafutwe, atuambie alikuwa anafanya nini muda wote huu."

Wachache waliandika, "Jemadari, mbona kwangu wanaongea?" Aliwajibu kwamba ni vibaraka wa kampuni. Umati ukashangilia, ukawafukuza.

Akasema atafutwe, akatafutwa.

Siku ya pili fundi alikuwa ndani ya chumba cha baridi cha bucha, pumzi inatoka moshi, simu ikaanza kutetemeka mfukoni bila kupumzika. Akavua glavu kwa meno. Kwenye kundi lao walikuwa wamebandika picha. "Huyu hapa ndiye mwandishi wa mabubu." Gauni la kijani, bangili za shaba. Gauni lile lile alilovaa siku alipoletwa rasmi kwa dada mtu. Chini yake walikuwa wameshaandika kuhusu sura yake, kuhusu mama yake, kuhusu alivyoipata kazi. Mmoja alikuwa amenukuu: hajawahi kumpenda mtu.

Fundi alikaa juu ya kreti, baridi inampanda kwenye mifupa, na hakutoka mpaka mwenye bucha alipokuja kumwita.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena na tena. Jioni ndipo ikapokelewa.

"Nipo," alisema mpenzi wake.

"Ulijua mimi ni nani?"

"Tangu siku ya feni. Ofisini kila Jumatatu bosi anakuweka kwenye spika. Mimi ndiye nilikuwa nakutetea. Nawaambia huyu anaupenda mchezo, ndiyo maana anauma."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mkataba unanikataza kusema ninachoandika mpaka kitoke. Halafu nilitaka uwasikie watu niliowaandika kabla hujajua ni mimi. Ni kosa langu hilo, nimelikubali."

"Lakini mpenzi, nimecheza kwa mikono yangu. Wale watu hawaongei."

"Kiraka chako umekitoa?"

Nyuma ya pazia, mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inavuma.

"Nilikusikia ukiwaita mabubu, nikajua ni kiraka," aliendelea yule dada, bila ukali, na huko kukosa ukali ndiko kulikokata. "Nikasema atakumbuka. Huyu hasahau kitu. Nikangoja. Nikaomba ruhusa nikujibu, bosi akasema tusibishane na wateja. Sasa kaniambia nipumzike nyumbani kelele zitulie. Zisipotulia, nisirudi. Vita vya majini ni vibovu, hilo ulisema kweli. Lakini watu wangu wanaongea. Wewe ndiye uliyewaziba midomo." Akakata.

Fundi alikitoa kiraka. Hata kukitafuta kulimchukua muda, kilikuwa kimejificha chini kabisa pale alipokiweka mwenyewe. Akawasha mchezo, akateka mji wa kwanza, akalipeleka jeshi lake langoni.

Ko. Ko. Ko.

Mlangoni pa nyumba ya kwanza alikuwa amekaa mwanamke mzima, ungo mapajani, juu ya kigoda kinachoyumba. Jeshi zima lilisimama. Mwanamke hakuinua kichwa. "Piteni," alisema, "kama mnaweza kuruka mama yenu." Na mchezo ukamngoja Jemadari aamue.

Aliona haya ya kumfanya mtu atamani ngozi ya mwingine. Aliziba uso kwa kitambaa cha saluni kinachonuka mafuta ya nywele, na dada yake alipofunua pazia alimkuta hivyo, na mama yao yupo kwenye kioo, anayumba. Msusi alisimama akasikiliza ko, ko, ko. Alikwisha kuiona ile picha, wateja walimwonyesha.

"Hii kaifanya wifi yangu?"

"Yeye."

"Na wewe ndiye uliyesema atafutwe."

"Dada, nilisahau kiraka."

"Hukusahau. Watu walikwambia ukawafukuza." Akachukua chanuo lake. "Mama angekuonea haya."

Kesho yake mchana alikwenda kwake, amevaa shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili, kichwani amepanga maneno. Mpenzi wake alimfungulia mlango nusu. Amefunga kanga kifuani, nywele timtim, macho yamevimba.

"Nimekuja kukuomba msamaha."

"Hapa?"

"Ndiyo, hapa. Kwa magoti kama unataka."

"Mume wangu mtarajiwa," alisema, na neno lile lilimchoma kwa jinsi lilivyosemwa polepole. "Umenivua nguo sokoni, unakuja kunifunika chumbani? Nenda ukanifunikie pale pale ulipoziacha." Akafunga mlango taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

Fundi alirudi saluni, akaifuta ile rekodi, akaiondoa na picha ya kofia ya chuma. Kwa mara ya kwanza umati ulimwona uso, mchana kweupe, nyuma yake wanawake wenye rola vichwani.

"Nilikosea," alisema. "Niliwaambia raia ni mabubu, kumbe kiraka changu kiliwanyamazisha. Wapo walionionya, nikawaita vibaraka. Nyie ambao mmekibandika, kitoeni, mcheze, msikilize. Vita vya majini bado vibovu na nitavidai mpaka vitengenezwe. Aliyeandika wale watu ni mwanamke ninayempenda, na kwa hiyo msiniamini mimi, aminini masikio yenu. Nilisema hajawahi kumpenda mtu. Yule mwenye kigoda ni mama yangu. Alimwandika bila kumwona, kwa nilivyomsimulia tu, nami nikamtukana kwa hilo." Akasogea karibu na kamera. "Naona haya. Basi."

Nusu ya umati ikasema amenunuliwa. Wengine wakasema ameolewa yeye. Wengi wakaondoka kimya kimya, walewale waliokuwa wakimwita jemadari. Walibaki wachache, na kati yao wapo walioandika kwamba wamekitoa, wamemsikia mama, wamelia.

Jioni simu ikalia.

"Umekula?" aliuliza mpenzi wake.

Fundi aliishika simu kwa mikono miwili. Mpenzi wake akaendelea.

"Nimekuona. Hujui kuchana nywele. Dada msusi nyumbani, wewe kichwa kama jalala."

"Rudi unichane."

"Taratibu. Bosi naye ameona, anasema tusubiri kidogo."

"Nioe kesho," alisema fundi, akajirekebisha, "nikuoe. Yaani, utakubali?"

Kwa mbali alisikia bangili zikigongana.

"Wewe umefuta maneno yako," alisema yule dada. "Lakini nikifungua simu, ya wenzako bado yapo. Mama yangu ameanza kuyasoma, bado anayasoma. Siolewi na mlango wangu umepakwa mavi, mpenzi. Wakishausafisha, njoo upige hodi."

"Hukusema hapana."

"Sikusema hapana."

Tangu siku ile fundi huyu akimaliza friji za watu huosha mikono, hukaa nyuma ya pazia, na kuwaandikia mmoja mmoja: ndugu, futa lile neno. Wengine hufuta. Wengine humtukana. Wengine husoma, wakafunika simu, wakaenda kunywa chai.

Wewe ni wa wapi katika hao? Maana neno lako lipo pale bado, na kicheko chako kipo, na kidole gumba ulichoweka chini ya tusi la mwenzako kipo. Wawili hawa hawazuiwi na mahari wala na wazazi, wanazuiwa na wewe. Usiniambie utafuta kesho. Simu unayo mkononi, ndiyo unayosomea hapa. Toka kwenye hadithi hii sasa hivi, rudi ulikoandika, ufute, na pale pale palipokuwa na tusi uandike samahani kwa jina lako. Nenda. Mwanamke anangoja mlangoni.