Mizani Tupu ya Kasoli

Hapakuwa na kitu juu ya mizani, lakini namba nyekundu zilisema kilo arobaini na moja. Ndalahwa akaizima, akaiwasha. Arobaini na moja. Akainama kunusa, maana mhandisi wa elektroniki hunusa kabla ya kushika. Kilichoungua hakifichi harufu yake. Akakuta harufu ya samli, kama ya mtu aliyejipaka asubuhi ileile.

Ulikuwa msimu wa kwanza wa makampuni binafsi kununua pamba Kasoli. Mizani ya kielektroniki ilikuwa haijapata kuonekana huko, na wakulima waliochoka kupunjwa wangekuja Jumatatu kuikagua kwa macho yao. Athanasi, meneja wa kampuni, alipomwajiri Ndalahwa alitaka shahada, uzoefu, macho yasiyochanganya rangi za nyaya, na mkono usiotetemeka. Vyote alikuwa navyo, hasa mkono. Tangu kiwanda cha redio alichofanyia kazi kifungwe, akawa anakula kwa wakwe, Ndalahwa alikuwa amekufa ganzi moyoni. Mtu wa kuambiwa nyumba yake inaungua akauliza inaungua upande gani. Sasa mkewe Domitila alikuwa na mimba kubwa kule Bariadi mjini, na Athanasi alikwisha kusema: mizani ikidanganya Jumatatu, mhandisi afungashe.

Akaifungua. Akapima kila waya na kila palipochomewa risasi ya kuungia nyaya. Vizima vyote, na hilo ndilo lililomtatiza, kwani fundi hulipwa kwa kutengeneza, mhandisi hulipwa kwa kusema sababu. Mchana, akiwa peke yake ghalani, bati la mizani likalia, kama linavyolia mtu akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule, na harufu ya samli ikamjia tena puani, nzito, na chini ya harufu ile akasikia pumzi, ikipanda na kushuka taratibu, pumzi ya mtu aliyesimama muda mrefu akingoja wa kumchukua. Vinyweleo vilimsimama. Moyo haukushtuka.

"Basi shuka," akasema kwa uchovu. "Nitakubeba mimi."

Namba zikaanguka hadi sifuri.

Jumatatu wakulima walipima, wakarudia, wakaridhika. Jioni Ndalahwa, ambaye siku zote alikuwa kilo sitini na mbili, alipanda juu ya mizani. Ikasoma mia moja na tatu.

Akaenda Lagangabilili kwa Nyanjige, mganga aliyesifika kwa kutoa majini. Hata kabla hajamaliza kumwamkia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, mama yule alikunja pua, akavuta kigoda chake nyuma.

"Linakuelemea wapi, ng'wanone, mwanangu?"

"Sisikii kitu, mayu."

Nyanjige akarudisha mikono mapajani. "Basi sina pa kushika. Jini hung'olewa pale panapouma. Ukianza kuusikia uzito, njoo mbio. Lakini kwako usiende. Umeahidi kubeba, na mzigo hutuliwa nyumbani."

Akahamia ghalani, akawa analala juu ya magunia. Domitila alituma watu kumwita, mwisho akatuma matusi. Kila asubuhi alipanda mizani, ikasoma mia moja na tatu, naye akajibonyeza mabega akitafuta maumivu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Hakuyapata.

Kisha ikaja habari kwamba Domitila amejifungua kwa shida, damu haikatiki, anamtaka mumewe. Hapo Ndalahwa alienda. Nani asingeenda? Alikuta damu imekoma na mama mkwe ameketi pembeni. Akapewa mtoto, wa kike, mwepesi, aliyekuwa akilia tangu azaliwe. Mtoto akanyamaza papo hapo. Alinukia samli. Ndalahwa akadhani mama mkwe kampaka.

Alfajiri akarudi kazini, akapanda mizani kwa mazoea.

Sitini na mbili.

Alikuwa bado amesimama pale Athanasi alipoingia kutoka kwenye chumba cha simu ya upepo. Sauti yake ilikuwa chini.

"Mama mkwe wako yuko ofisi ya Bariadi. Anasema yeye hakumpaka mtoto samli, ni nani kampaka? Na anasema mtoto hanyanyuliki. Wamemshika watu wawili, hanyanyuki kitandani."

Ndalahwa alitaka kupiga kelele. Akazitafuta kifuani, hazikuwepo. Akanyoosha mkono kuzima mizani, na Athanasi, aliyekuwa akiutazama mkono ule, akarudi nyuma hatua moja, maana haukutetemeka.