Mke Mwenza Ukutani

Grrr... grrr... Gizani, kabla jogoo wa jirani hajakumbuka kazi yake, simu ilitetemeka juu ya meza ya cherehani na kuigongagonga sahani ya vifungo. Violeth akainua kichwa. Haikuwa simu yake. Ilikuwa ya Cornel, mchumba wake. Jana jioni aliiacha hapa ichajiwe, maana chumbani kwake Msalato umeme wa luku ulikuwa umekwisha.

Akanyata asimwamshe Lydia, mwanawe wa miaka sita. Kioo kikawaka, na uso wa msichana ukamcheka: mashavu yamejaa, shingo imenyooka, gauni la njano limemkaa kama amezaliwa nalo. Juu ya uso huo palikuwa na ujumbe kutoka kwa "Mama Gulwe", mama yake Cornel aliyeko kijijini Gulwe: *Picha ya mkwe nimeonyesha ukoo mzima. Jumamosi tunamsubiri.*

Wivu ulimpanda mpaka kooni kabla hajatambua kitu. Kisha akalitambua gauni. Alilishona mwenyewe. Msichana yule alikuwa yeye, miaka tisa iliyopita.

Wivu haukushuka. Ulizidi.

"Kumbe una mke mwenza, Vio," akajinong'oneza.

Sasa alikuwa na miaka ishirini na minane. Lydia alipotimiza mwaka mmoja, Violeth alitokwa na vipele na homa kali. Vilipokauka, ngozi ya uso, shingo na makwapa ikaanza kulegea, ikashuka mikunjo kwa mikunjo. Daktari alimwambia ni ugonjwa adimu, hauambukizi: nyuzi zinazoivuta ngozi irudi mahali pake zimeharibika, na dawa ya kuzirudisha haipo. Violeth, fundi nguo, alielewa upesi. "Yaani lastiki imekatika, kitambaa ni kizima." Baba Lydia hakuelewa. Aliondoka.

Cornel naye alianza kwa kukosea. Mwaka jana, stesheni ya Dodoma, foleni ya tiketi imefurika wanafunzi, watumishi na mabegi yao, kijana mrefu mwenye shati la drafti, viatu vyekundu kwa vumbi la greda analoendesha kwenye ujenzi, alipaza sauti: "Jamani, mpisheni bibi!" Akamshika mkono mpaka dirishani. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Violeth alishachoka kubishana na watu.

Karani akasoma kitambulisho, akamtazama, akasoma tena kwa sauti. "Umezaliwa tisini na saba?"

Cornel akajishika mdomo. "Mimi tisini na nne! Dada, nirudishie shikamoo yangu!"

"Hairudi. Nimeshaila."

Walicheka mpaka karani akawafukuza dirishani, na kabla treni haijaita abiria namba za simu zilikuwa zimebadilishana mifuko.

Saa moja asubuhi huyo Cornel akapiga hodi, kofia ya kazini mkononi, tabasamu usoni.

"Vio wangu, chai ipo?"

"Kamwombe mkeo."

"Mke yupi tena asubuhi yote hii?"

"Huyo uliyemlaza kwenye simu. Mwenye shingo. Umempeleka Gulwe bila nauli, kapokelewa, ukoo mzima umempenda. Nenda kamwoe! Hali, hagombi, haugui."

"Mpenzi, si wewe huyo?"

"Si mimi! Mimi ni huyu hapa." Akalivuta shavu lake kwa vidole viwili, akaliachia, likachelewa kurudi. "Yule ulimwona wapi? Uliwahi kumshika mkono? Unaamka unamtazama yeye, halafu chai unakuja kunywa kwangu."

Cornel akakaa kizingitini. Akaigeuzageuza kofia.

"Niliipiga kutoka kwenye picha yako hapo ukutani, siku uko jikoni. Nilikuwa na wivu."

"Wivu na nani?"

"Na kila aliyekujua kabla yangu. Walimu wako. Wauza vitambaa. Baba Lydia, Mungu anisamehe. Wote walikuona ukicheka hivyo, mimi sikuwepo. Nikasema na mimi niibe kidogo."

Moyo wa Violeth ulitaka kulainika. Akaushika.

"Na mama yako? Naye alikuwa na wivu?"

Ndani, Lydia aligeuka kitandani.

"Kwa mama niliogopa," Cornel akasema. "Niliona nikimtumia ya sasa ataanza maswali, majirani wataanza maneno. Nikadhani ukishafika atakuzoea."

"Yaani mimi nishuke garini, na watu waendelee kumtafuta mkwe nyuma yangu! Cornel, hilo ndilo ulilonitayarishia?"

"Nisamehe, mama Lydia."

"Sitaki msamaha wa mdomo." Akamtupia simu. "Mpigie. Sasa hivi, na sauti iwe kubwa nisikie. Ukishindwa, chukua kofia yako na mke wako mwende."

Akapiga. Alimweleza mama yake yote: ugonjwa, mikunjo, picha ya zamani, woga wake. Mwisho mama akasema, "Mlete nimwone," na simu ikakatika.

Jumamosi Violeth alivaa kitenge cha bluu chenye shingo pana. Mtandio wa kujifunika aliuacha nyumbani makusudi. Akiwa na Lydia mkono huu na Cornel mkono ule, aliingia sebuleni Gulwe, akasimama ghafla. Yule binti wa picha alikuwa ametangulia kufika. Wameichapisha picha yake, wamemtundika karibu na kalenda ya parokia. Anacheka.

"Mbukwenyi," akasalimu kwa Kigogo Mama Evarista, mama yake Cornel, kutoka mlangoni. Alikuwa mwanamke mfupi, macho makali. Akautazama ukuta, akamtazama mgeni. "Wewe ndiye?"

"Ndiye, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Inauma?"

"Haiumi."

"Mtoto naye?"

"Hapana, mama. Sikuzaliwa nayo, ilinijia ukubwani."

Mama Evarista akaguna. Akafunga kanga kiunoni.

"Nikusaidie jikoni?" Violeth akauliza.

"Mgeni hapiki kwangu. Kaa."

Akatoka kwenda uani, Lydia akimfuata nyuma kama kifaranga. Mgeni! Neno lilimchoma Violeth. Akamtazama binti wa ukutani, akawaza kuwa huyo asingeitwa mgeni. Angeshapewa mwiko zamani. Cornel akautafuta mkono wake, Violeth akauficha mapajani.

"Vio..."

"Niache. Gari la kurudi ni saa ngapi?"

Nje sufuria ililia. Maji yalimiminwa. Mama alisema jambo kwa sauti ya chini, na Lydia akacheka. Kisha hatua ndogo zikaja mbio, pazia likafunuka, na mtoto akasimama mlangoni, unga umemjaa mpaka nyusi.

"Mama, bibi anasema uje usonge ugali."