Andika Si Ongeza

Asubuhi hiyo, katika duka la ushonaji, cherehani ililia mbele, redio ililia nyuma, na katikati mume alikuwa ameinamia kompyuta mpakato kuukuu. Zamani alikuwa dereva wa lori. Macho yalipoanza kumsumbua aliacha usukani, akajiunga na kozi ya kutengeneza programu. Basi mtaa mzima ukamwita Kozi. Mkewe, fundi cherehani, alimwita hivyo akikasirika tu. Wiki hiyo hakumwita jina lingine.

"Kozi!"

"Naam, mke wangu."

"Wauguzi wangu wako wapi?"

Kozi aliikodolea macho skrini. Faili ya vipimo ilikuwa na mstari mmoja, wa muuguzi aliyepimwa mwisho. Wengine wote, hewa.

"Labda virusi."

"Mara ya kwanza umeme. Leo virusi. Kesho utasema nzige?"

Fundi alikuwa na haki ya kufoka. Alizoea kuandika vipimo kwenye vipande vya karatasi, na Kozi ndiye aliyemwambia avitupe, eti kompyuta haisahau. Akatengeneza programu yake: unaingiza jina, kifua, kiuno, urefu, unabonyeza, inahifadhi. Wauguzi wa hospitali wakaja kupimwa sare mpya. Vipimo vikapotea. Wakaitwa tena, wakaja wamenuna. Vikapotea tena! Na muuguzi mkuu alikuwa ameshasema, mikono ikiwa juu, futi ikiwa kifuani: "Fundi, nikiitwa mara ya tatu, vitambaa vyangu vinahama."

Fundi hakuwahi kupata kazi kubwa kama ile.

Akamwita jirani yao, Mama Mita. Huyu alifanya kazi ofisi ya maji, akichakata namba za mita za mji mzima kwa kompyuta. Alikuja na kikombe cha chai mkononi, akaisoma programu kwa kidole.

"Shemeji, hii 'w' umeiweka ya nini?"

"'W' ni 'write', andika. Mwalimu alisema. Mimi si nataka kuandika?"

"Ala! Ukifungua faili kwa 'w', unaiambia kompyuta: futa yote yaliyomo, tuanze upya. Na wewe unaifungua hivyo kwa kila mtu."

"Kwa hiyo kila aliyeingia alimtoa mwenzake?"

"Kwa mlango wa nyuma. Unayoitaka ni 'a', yaani ongeza. Mpya anakaa chini ya waliotangulia, haguswi mtu. Ukitaka kusoma tu, weka 'r'. Ukimaliza, funga faili. Na kila jioni weka nakala kwenye flashi."

"Herufi moja!" Fundi alishika kiuno. "Herufi moja imenivua nguo mbele ya hospitali nzima!"

Kozi akabadilisha herufi. Akajiingiza yeye, mkewe na jirani. Wote watatu wakabaki. Akatabasamu, akaiambia programu ijumlishe kitambaa kinachohitajika. Ikagoma.

Mama Mita akasogea. "Kiuno, 'tisini na kidogo'. Ndiyo nini hii?"

"Ndivyo mke wangu alivyonipima."

"Na ndivyo kilivyo!" alisema Fundi.

"Jamani! Programu inasoma mstari mmoja mmoja, inaukata penye mkato, halafu inahesabu namba. 'Na kidogo' haihesabiki. Weka namba tupu. Tena programu ikatae neno hapo hapo linapoingizwa, isingoje mpaka mwisho."

Kozi akarekebisha, akaanzisha faili mpya, tupu, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na wale wauguzi tutawarudishaje?"

"Hukuweka nakala. Wamekwenda hao."

Fundi alichukua futi, akamvisha mumewe shingoni. "Inuka. Leo utasema wewe."

Hospitalini waliwakuta wauguzi wakila chakula cha mchana. Kozi alisimama na kompyuta kifuani kama ngao.

"Kosa ni langu. Nilitumia andika badala ya ongeza. Kila mmoja wenu alimfuta aliyemtangulia."

"Aliyebaki ni nani?" mmoja aliuliza. Muuguzi kijana akainua mkono. "Kumbe ni wewe uliyetufuta!" Wakacheka.

Muuguzi mkuu hakucheka. "Pimeni. Lakini hamtoki hapa mpaka nisomewe watu wangu wote."

Fundi akapima, Kozi akaingiza. Mwishoni akaifungua faili kwa 'r', akasoma kuanzia juu. La kwanza lilikuwa jina la muuguzi mkuu, na kiuno chake, bila kidogo. Wakafuata wote.

"Izime," alisema muuguzi mkuu. "Iwashe. Soma tena."

Kozi aliizima, akaiwasha, jasho likimtoka. Akasoma tena. Hakukosekana mtu.

"Haya, shoneni."

Sare zikashonwa, zikavaliwa, zikakaa sawasawa. Haukupita muda, mpishi wa hospitali akaingia dukani na kitambaa kwapani.

"Fundi, na mimi niandikeni."

Cherehani ilinyamaza ghafla.

"Usilitamke neno hilo humu ndani!" Fundi aling'aka. Kisha akageukia kompyuta. "Mume wangu, mwongeze."