Nyuzi Nne Nukta Nne

Kitu cha mwisho cha kawaida kutokea siku ile kilikuwa mzaha. Saa nne asubuhi, fundi wa kompyuta aliingia ofisi ya bohari ya chanjo, akatua mkoba wake na kumpigia saluti mtunza takwimu, mtu ambaye kazini hakuna aliyemwita kwa jina lake.

"Nukta, leo utalala usingizi. Desimali zako nimezileta."

"Wiki tisa, bwana! Kuku angeshaangua mara mbili."

"Usinilaumu mimi, walaumu walioitengeneza programu."

Wiki tisa nyuma, programu ya lahajedwali ilisasishwa ikaja na kasoro. Namba zilihifadhiwa sawasawa, ila skrini ilizionyesha bila desimali. Kipimajoto cha chumba cha baridi kilituma kipimo kila baada ya dakika kumi, kikituma 4.3, skrini iliandika 4. Nukta alilalamika siku mbili, kisha akazoea. Chanjo zinataka nyuzi kati ya mbili na nane. Nne ni nne.

Fundi alipachika marekebisho, akaaga, akaondoka. Nukta, mtu wa kuhakiki kila kitu, akaanza kurudi nyuma kwenye safu, siku baada ya siku, kuona kama desimali zote zimerudi.

Akafika Jumamosi ile.

Jumamosi ile, wiki sita zilizopita, mke wake aliyekuwa mkuu wa bohari aliingia chumba cha baridi peke yake, saa nane mchana, kuhesabu maboksi. Mlango ukajifunga. Kitasa cha ndani kikakatika. Alikuwa amemwambia mumewe kwamba akitoka kazini atapitia kwa mama yake na kulala huko mpaka Jumatatu, kwa hiyo Nukta hakumtafuta. Alikaa nyumbani, na kama ilivyo desturi yake ya wikendi, alifungua jedwali mara tatu. Nne. Nne. Nne. Jumapili hakulifungua kabisa. Jumatatu asubuhi walimkuta.

Sasa safu ileile ilisema: 4.0. 4.1. 4.3. 4.4.

Ilikaa kwenye 4.4 hadi usiku. Kisha 4.3. Kisha 4.2. Alfajiri ya Jumapili ilirudi 4.0 na haikupanda tena.

Lilikuwa joto la mtu mmoja. Alikuwa amelitazama mara tatu. Angebofya kisanduku kimoja tu, namba kamili ingejitokeza kwenye mstari wa juu wa jedwali. Hakubofya.

Chini ya jedwali, mstari mpya ukaingia wenyewe. Kipimo cha sasa hivi.

4.1.

Alikitazama. Chumba kilikuwa kimefungwa tangu asubuhi. Baada ya dakika kumi mstari mwingine ukaingia.

4.3.

Hakungoja wa tatu.

"Shemeji," alinong'ona. Mdogo wa marehemu, aliyeshika kazi ya dada yake, aliketi meza ya pili. "Nani yuko ndani?"

"Aingie nani, na funguo ninazo hapa?"

"Fungua. Fungua haraka."

Walikimbia. Mlango ukafunguka, taa ikawaka. Maboksi yalikuwa kwenye rafu zake, sakafu kavu. Hapakuwa na mtu.

"Kipimajoto kimeharibika tu," shemeji alisema, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mgonjwa.

"Rudi ofisini. Mimi nabaki humu. Nisomee kwenye simu. Mtu mmoja ni nne nukta nne, isizidi hapo."

"Nikufungie humu? Shemeji, we mzima kweli?"

"Kitasa ni kipya. Nenda."

Mlango ulifungwa. Dakika kumi. Dakika ishirini. Simu aliishika sikioni, vidole vikianza kufa ganzi.

"Shemeji," sauti ya mdogo wa mkewe ilitoka simuni kwa shida. "Nne nukta nane."

"Soma tena."

"Nimeshasoma. Toka. Toka humo."

Alibaki palepale. Pumzi yake ilikuwa ikitoka kama moshi mweupe mbele ya uso wake. Ikatoka, ikapotea. Ikatoka, ikapotea. Kisha, kando yake, chini kidogo, usawa wa bega, moshi mwingine ukatoka.

Mke wake alimfika begani.

Alitoka mbio. Alibamiza mlango, akazungusha ufunguo uliokuwa bado mlangoni, kwa mkono wake mwenyewe. Alipomaliza tu ndipo akajua amefanya nini. Amemfungia tena.

Skrini ilisoma 4.4 mchana kutwa, na ulipofika wakati wa kufunga ofisi, namba haikuwa imeshuka. Shemeji aliondoka akiwa na macho mekundu. Nukta alikaa palepale mezani mpaka kukapambazuka.

Asubuhi alimngoja shemeji mlangoni. Wakahamisha chanjo zote, boksi kwa boksi, wakazipanga kwenye majokofu ya akiba yaliyo chumba cha pili. Aliandika kila namba ya shehena na saa iliyohamishwa. Chumba cha baridi kilipobaki kitupu, alikwenda kwenye kulabu, akachukua makoti mawili mazito.

Moja alilivaa. La pili alilitandika juu ya kreti tupu katikati ya chumba, likiwa wazi, halina kifungo hata kimoja kilichofungwa. Akageuka, akautazama ukuta. 

"Nilitazama," alisema. "Mara tatu. Sikukuona."

Nyuma yake kitu kikasugua kitambaa, polepole.

Alipogeuka, koti lilikuwa limefungwa vifungo vyote, mpaka shingoni.

Hakuligusa. Alizima mtambo wa baridi, akatoka, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja ya kazi, mlango akauacha wazi.