Biubwa Abisha Hodi Ghubani

Biubwa alikuwa na miaka mitano. Kwao, majabali meusi yaliingia baharini kama vidole.

Kati ya kidole na kidole palikuwa na ghuba. Na kila ghuba ilikuwa na ufukwe wake.

Asubuhi hiyo maji yalikupwa. Mama alikuwa ghuba ya tatu, kwenye shamba lake la mwani.

Biubwa hakuwahi kufika huko. Leo Shangazi Zuwena alimshika mkono, wakaenda.

"Tembea upesi," alisema Shangazi. "Maji yakijaa, njia inafungwa. Tutarudi nyumbani bila kumwona Mama."

"Lakini lazima nibishe hodi," alisema Biubwa. "Mama kasema, hodi mara tatu. Usipokaribishwa, rudi."

"Hodi baharini!" Shangazi alicheka. "Nani atakufungulia mlango, kaa?"

Ghuba ya kwanza ilikuwa ndogo. Wimbi lilikuja, *shaaa*. Lilirudi, na kokoto zikasema, *kacha-kacha-kacha*.

"Hodi, hodi! Ni mimi Biubwa,
mdogo wa miguu, mkubwa wa adabu!"

"Karibu, mwanangu!" waliitikia akina mama waliokuwa wakiokota chaza.

Ghuba ya pili ilikuwa na jabali lenye tundu. Bahari iliingia chini, ikatokea juu. *Puuuuu!*

Maji yalipanda juu kuliko mnazi. Biubwa alisahau kufunga mdomo.

"Shangazi! Jabali linapumua!"

"Hodi, hodi! Ni mimi Biubwa,
mdogo wa miguu, mkubwa wa adabu!"

*Puuuuu!* Shangazi akalowa chapachapa.

"Haya, tumekaribishwa," alisema, akikamua kanga yake.

Kisha wakafika kwenye jabali kubwa kuliko yote. Chini yake palikuwa na uwazi, kama mlango wa nyumba ya jitu.

Ndani palikuwa na giza. *Ti. Ti. Ti.* Matone yalidondoka.

"Mama yuko upande wa pili," alisema Shangazi. "Haya, pita."

"Hodi!" aliita Biubwa.

"Hodi... odi... di..." ilisema sauti ndani ya jabali.

Biubwa alishtuka. "Hodi!" aliita tena.

"Hodi... odi... di..."

Mara ya tatu aliita kwa nguvu. "Hodiii!"

"Hodiii... diii... iii..."

Hakuna karibu. Machozi yakamlenga Biubwa. Nyuma yake maji yalianza kurudi. *Shaaa.* Yakamgusa vidole vya miguu.

"Karibu! Nimesema mimi!" alisema Shangazi. "Twende!"

"Wewe si mwenyeji, Shangazi!"

*Shaaa.* Maji yakamfika kwenye vifundo.

Biubwa alifikiri. Alifikiri sana. Anayesema hodi ni nani? Ni mgeni!

"Shangazi! Kumbe naye anabisha hodi! Anangoja mimi nimkaribishe!"

Akavuta pumzi. "Karibuuu!"

"Karibuuu... ribuuu... buuu..." lilijibu jabali lote, juu mpaka chini.

"Tumekaribishwa!" alipiga kelele Biubwa. Wakakimbia gizani, *chubwi, chubwi, chubwi*, mpaka mwangani.

Biubwa akasimama.

Ghuba ilikuwa pana kama nusu ya mbingu. Majabali yaliizunguka, marefu, kimya. Mchanga ulikuwa mweupe, bila unyayo hata mmoja.

Maji yalikuwa ya kijani. Kisha ya buluu. Kisha ya rangi ambayo Biubwa hakujua jina lake.

Na mbali, mdogo kama punje ya mchele, alikuwa Mama. Alipunga mkono.

Biubwa alikimbia, akamkumbatia miguu yake yenye chumvi.

"Mama," alinong'ona, "mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini?"

"Kwamba ni kubwa hivi."

Mama alitazama majabali. Alitazama maji. "Kila siku nataka kukuambia," alisema. "Nikifika nyumbani, maneno hayatoshi."

Jioni maji yalijaa. Wakarudi kwa mtumbwi wa Mama, uliojaa magunia ya mwani.

Biubwa alilala juu ya magunia, mikono wazi. Majabali yalipita, moja, moja, makubwa kama usiku.

Mama alipiga kasia polepole, asije akamwamsha.