Shangazi Alitoka Kinyumenyume

Jua lilikuwa linazama Shangazi alipofunga duka lake la dawa, akatundika begi la kamera begani na kushika njia ya kwa mdogo wake. Hakualikwa, aliitwa. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mdogo wake alisema kwenye simu, sauti imenywea: "Dada, njoo na kamera. Mke wangu anataka ufute picha zote za mtoto, yeye akishuhudia."

Mtaani walimwita Mama Picha, ingawa hakuwahi kuzaa. Kupiga picha ilikuwa starehe yake ya Jumapili tu: harusi za watu, paka wa watu, watoto wa watu. Lakini tangu ampige picha mtoto wa mdogo wake, mtoto yule alikuwa akilia kila jioni mpaka midomo inageuka rangi. Hospitali walipima wakachoka, hawakuona kitu. Wifi yake alikuwa ameshaona. Mawifi hawahitaji maabara.

Mlango ulifunguliwa kabla hajabisha.

"Viatu acha nje," wifi alisema. "Na mikono iwe mahali ninapoiona."

"Hata salamu, wifi?"

"Salamu wapeane wanaopendana. Ingia, ufute."

Chumbani kulinuka maziwa yaliyochacha, na kitu kingine... kama nywele zilizoungua. Mtoto alikuwa kwenye kitanda chake, analia kwa sauti iliyokauka, baba yake amesimama pembeni. Shangazi mtu, roho ilimuuma. Huyu ndiye mtoto pekee aliyebaki baada ya mimba mbili kuharibika.

Akaanza kufuta, wifi kamkodolea macho. Kila picha ilikuwa na doa jeusi karibu na uso wa mtoto. Siku ya kuzipiga alidhani ni uchafu wa kioo, akapangusa, akaendelea. Sasa aliona kwamba katika kila picha doa lilisogea kidogo kuelekea puani.

Akainua kamera.

"Nimesema futa, sijasema piga!"

"Sipigi. Naangalia."

Lenzi yake ilikuwa ya zamani, ya kuzungusha pete kwa mkono. Ukizungusha, cha mbali kinafifia na cha karibu kinatokea. Alichungulia, akampata mtoto. Akazungusha pete kidogo, aone kilicho karibu zaidi.

Mtoto akafifia. Mbele yake vikatokea vidole.

Virefu. Vimebana pua ya mtoto, taratibu, kama mtu anayezima mshumaa.

Akatoa jicho kwenye kamera. Hakukuwa na kitu. Wifi, mdogo wake, kitanda, basi. Akarudisha jicho. Vidole vilikuwa vimeachia. Mwenye vidole alikuwa anageuka, aone ni nani anayemtazama...

Mtoto akanyamaza.

Akazungusha pete. Nywele. Akazungusha tena. Kidevu, karibu zaidi. Hofu ikamzidi, akatoa jicho, na papo hapo pumzi zikamkwama mtoto. Akalirudisha haraka. Mtoto akavuta hewa.

Hapo akaelewa. Kikitazamwa, kinamtaka anayekitazama. Akaanza kurudi nyuma, hatua kwa hatua, jicho halibanduki.

"Unafanya nini?" wifi alinong'ona.

"Nakitoa."

"Unatoa nini?" Halafu akapiga ukelele. "Majirani! Njooni mwone mchawi anavyotembea! Kinyumenyume!"

Milango ikafunguka. Tochi zikawaka. Alikuwa ameshafika barabarani, miguu mitupu kwenye kokoto, kamera imegandamana na uso. Jiwe la kwanza lilimpata begani.

"Dada, shusha hiyo kamera," mdogo wake alimsihi.

"Siwezi, mdogo wangu."

"Watakuumiza. Shusha uongee nao!"

Hakushusha.

Wifi alisimama mlangoni, mtoto kalala fofofo begani. "Mnaona? Ametoka tu, mtoto kalala! Mnataka ushahidi gani tena?"

Hakuna aliyebisha, kwa sababu ilikuwa kweli. Hata mdogo wake alimtazama mtoto, akamtazama dada yake, na uso wake ukakunjamana.

"Usirudi tena hapa," alisema. "Kwangu huna ndugu."

Maneno hayo yalitoka kwa mdogo aliyemlea yeye mwenyewe, akambeba mgongoni mama yao alipofariki. Jiwe halikumuuma hivyo. Alitaka kulia, lakini jicho likijaa machozi halioni.

Aliendelea kurudi nyuma mpaka kelele zikabaki mbali na tochi zikawa nukta. Pete ilikuwa imefika mwisho. Lenzi ile haioni kitu kilichoisogelea mno, kwa hiyo ndani ya kitundu cha kuchungulia kulikuwa na weusi mtupu. Labda kilikuwa hapo. Labda kilikuwa kimeshamwacha, kinarudi kule. Njia ya kujua ilikuwa moja tu: atoe jicho, asikilize kama mtoto atalia.

Akatoa jicho, akabana pumzi ili asikie vizuri.

Kimya.

Kisha kioo cha lenzi, upande wa nje, kikaanza kupata ukungu wa pumzi.